Sheria ya Tonge la Kwanza

Nchi ninayoisimulia si hii. Ya kwenu mnaijua wenyewe. Mimi nasimulia ile nyingine, iliyo mbali sana, ambayo mtu akiamka asubuhi hujikuta ndani yake. Jina lake silitaji. Si kwamba naogopa, ni mate tu yamenikauka.

Huko kulikuwa na desturi moja nzuri ya mezani, nami nitaieleza kama ilivyokuwa kabla serikali haijaipenda. Mgeni akiandaliwa chakula, tonge la kwanza hulila tupu. Hagusi chumvi, haombi ndimu, hatupi jicho kwenye pilipili. Hulitafuna, hulimeza, kisha husema, "Hakuna kilichopungua." Hapo mpishi huinuka na kuleta, kwa mkono wake mwenyewe, bakuli la vikolezo: chumvi, ndimu, pilipili, achari, na chochote kilichomo nyumbani. Kuanzia hapo kila mtu na ulimi wake. Wazee walisema tonge la kwanza ni la mpishi, yaliyobaki ni yako.

Na kweli kila mtu alikuwa na ulimi wake. Mshamu kinyozi alikamulia ndimu kila kitu, hata uji. Mkewe Kidawa alitengeneza achari ya embe changa iliyoweza kumtoa mtu mafua ya utotoni. Kwembe, mjumbe wa chama katika mtaa wetu, alipaka mkate siagi ya karanga, halafu juu yake akanyunyiza pilipili ya unga, na hakuna aliyemsema ila mkewe. Mimi maharage yangu nayatia sukari. Tulichekana, tukatukanana kwa wema, tukamaliza, tukanawa. Hakuna aliyejua kwamba tulikuwa tunafanya siasa.

*

Mkuu wa nchi hiyo alianza kwa kuitwa Rais, kama wenzake. Baadaye akaitwa Baba. Kisha ikaja njaa, na mataifa ya nje yakaleta mahindi, na magunia ya mahindi yakabandikwa picha yake. Kuanzia siku hiyo akawa Baba Mlishi, Mpishi wa Taifa. Wanasheria wakakaa, wakatafakari, wakatuletea matunda ya elimu yao. Kama yeye ni mpishi wa taifa, basi kila chungu nchini kimepikwa na yeye, na wake zetu wanakoroga tu kwa niaba. Na kwa kuwa yeye hachoki kupika, hakuna tonge linaloweza kuitwa la pili. Kila tonge ni la kwanza. Bakuli basi lisiletwe.

Hiyo ndiyo Sheria ya Tonge la Kwanza. Waziri wa Vikolezo, Mheshimiwa Lukindo, aliifafanua redioni kwa sauti ya mtu aliyeshiba.

"Ndugu wananchi! Adui wa taifa hili si njaa. Njaa tumeishinda, na waliokufa nayo ni mashahidi wa ushindi huo. Adui ni bakuli! Anayetia chumvi anasema nini? Anasema chumvi haikuwemo. Na nani alipaswa kuitia? Mnaona anakoelekea? Na huu mkate wenye siagi, ndugu zangu, ni mkate uliojifunika uso. Mkate mwaminifu unajifunika kwa sababu gani?"

Tulipiga makofi. Nakumbuka tulipiga kwa muda mrefu sana, kwa sababu mkono unaopiga makofi hauwezi kushukiwa kwa jambo jingine.

Nakumbuka na mengine, ndiyo ugonjwa wangu. Mwaka waliopiga marufuku kupiga miayo hadharani nilikuwepo. Mwaka wa kengele za baiskeli, zilizosemekana zinamwiga mtu fulani anavyocheka, nilikuwepo pia. Kila mara tulisema hili ni dogo, acheni lipite. Likapita. Lilipitia kwetu.

*

Ili sheria isimamiwe, waliajiriwa Waangalizi wa Mikono. Hawa walikaa katika migahawa, harusini, matangani, popote penye sahani. Walifundishwa kutotazama uso. Uso unadanganya, walisema wakufunzi, mkono hausemi uongo. Isitoshe, ilikuwa kosa kwa mtumishi wa ngazi ya chini kuinua macho mbele ya mkubwa, na kwa kuwa huwezi kujua mkubwa amekaa wapi, walikatazwa kuinua macho kabisa. Ungewaona barabarani wakitembea wameinama kama watu waliodondosha sindano.

Mkono wako ukinyooka kuelekea bakuli, wanarukia kifundo. Haraka kuliko chatu. Mambo ya jina na sura huulizwa baadaye, na wengine.

Kidawa alizika chupa zake za achari nyuma ya choo. Majirani waliona udongo mbichi wakaja na rambirambi. Hakuwakatalia. Kueleza ukweli kungekuwa hatari kuliko msiba, akakaa kwenye mkeka akalia, na nadhani alikuwa analia kweli.

Na kila mwaka kulikuwa na Karamu ya Shukrani. Raia mmoja wa kawaida anachaguliwa, anaketishwa Ikulu uso kwa uso na Baba Mlishi, na redio inatangaza nchi nzima. Katikati ya meza linawekwa Bakuli la Majaribu, limejaa kila kitu ambacho ulimi wa binadamu unakitamani, na kulizunguka limeshonwa duara la uzi mwekundu kwenye kitambaa cha meza. Mkono usivuke uzi. Raia anakula, anasema hakuna kilichopungua, anarudi kwao. Wepesi ulioje.

Mwaka uliotangulia huu ninaousimulia aliitwa Bi Sikudhani, msuka mikeka. Alikula vizuri mpaka katikati ya sahani, halafu mkono wake ukaenda kwenye ndimu. Alijitetea mahakamani kwamba mkono ulikwenda wenyewe. Mahakama yetu ni ya haki, ikamkubalia. Ikaufunga mkono, naye akaombwa ausindikize. Hawajarudi, yeye wala mkono.

*

Siku Mjumbe Kwembe alipoingia kibandani kwa Mshamu, wembe ulikuwa shavuni mwa mteja. Shavu lenyewe lilikuwa langu, ndiyo maana nasimulia kwa uhakika.

"Hongera, baba Tunu," Kwembe alimwambia Mshamu, hakutaka kuketi.

"Ya nini?"

"Umechaguliwa."

Wembe ulisimama. Nami nikasimamisha pumzi.

"Nimechaguliwa kufanya nini?"

"Kula."

Mshamu alicheka kidogo, kama mtu anayekohoa. "Waambie naumwa."

"Wameshaambiwa una afya njema."

"Na nani?"

Kwembe aliitazama picha ya Baba Mlishi ukutani, kisha viatu vyake. "Na mimi. Nisingekutaja wewe wangenichukua mimi, ndugu yangu. Na mimi unanijua. Nikiiona siagi ya karanga hata kwa mbali, vidole vinaanza kucheza. Nisamehe. Una mikono mitulivu wewe, wewe ni kinyozi."

"Toka," alisema Mshamu.

"Natoka. Lakini hongera. Lazima niseme hongera, mlango uko wazi."

Mshamu alinimalizia shavu la pili. Sikumwambia kwamba damu inatoka. Kuna wakati wa kulalamika na kuna wakati wa kushika shavu ukaenda zako.

*

Kidawa hakulia. Alichemsha muhogo, akauweka mbele ya mumewe, akaweka na ndimu iliyokatwa, akaketi upande wa pili na mwiko.

"Kula."

Mshamu alikula. Tonge la kwanza, sawa. La pili mkono ulielekea kwenye ndimu kama mbuzi anayejua njia ya zizini. Mwiko ukashuka.

"Aaah! Mwanamke!"

"Mimi napiga kwa mwiko. Wao watapiga na nini? Kula."

Ukuta wa nyumba zetu ni mmoja, na ni mwembamba. Siku baada ya siku nilisikia mwiko, "aaah", kimya, kisha mwiko. Majirani wakiuliza, Kidawa aliwaambia anaua mende. Nasi sote tukasema kweli mende wamezidi mwaka huu, na tukaingia ndani na kufunga milango, kwa sababu mtu aliyechaguliwa ni kama mwenye ndui. Hata mimi, mnaoniona hivi ninavyopayuka, nilipita njia ya nyuma nisikutane naye.

Mwiko ukapungua. Ikafika siku sikuusikia kabisa. Nilisikia Mshamu tu.

"Umeona? Haukwenda."

"Nimeona."

"Sahani nzima, Kidawa. Haukwenda."

"Nimeona, mume wangu. Ukimaliza, weka viganja vyote viwili mezani, uvilaze, wavione. Usivitoe hata nzi akikutua puani."

Halafu Mshamu akasema, kwa sauti ya chini mpaka nikalazimika kubandika sikio ukutani, "Nikishindwa, useme hunijui."

"Nitasemaje sikujui, na umevaa shati nililokushonea mimi?"

"Basi nitavaa jingine."

*

Siku ya Karamu nchi nzima ilikaa kando ya redio, kwa hiari, kama ilivyoamriwa. Mtangazaji alitangaza chakula kama mpira.

"Raia anakata tonge, wasikilizaji! Analifinyanga! Analiinua, linakwenda, linakwenda, limeingia! Anatafuna raia, anatafuna kizalendo kabisa…"

Kisha tukasikia sauti ya Mshamu, nyembamba, kama inatoka kisimani. "Hakuna kilichopungua."

Chakula chenyewe kilikuwa wali na kuku. Mpishi wa Ikulu, mtu mwangalifu, alikuwa ameacha kutia chumvi hata chunguni, asije akaulizwa jana chumvi ilikuwa wapi. Mshamu alikula hivyohivyo. Alikula mpaka sahani ikawa nyeupe. Akalaza viganja mezani, pembeni kabisa mwa uzi mwekundu, akavitazama kama watoto wa watu aliokabidhiwa awalinde.

Yangeishia hapo. Lakini siku hiyo Baba Mlishi alikuwa na njaa. Miaka yote alikuwa anakula faraghani kwanza, halafu anakuja mezani kugusagusa tu. Siku hiyo alikuja moja kwa moja kutoka kuzindua mnara wa kuukumbuka mnara wake wa zamani, jua lilikuwa kali, hotuba ilikuwa yake mwenyewe na kwa hiyo haikuwa na wa kuifupisha. Akaketi. Akakata tonge la kweli. Akatafuna. Akaacha kutafuna.

Sisi wenye kumbukumbu tunamjua mtu huyu tangu akiwa karani wa ghala. Tulimwona kwenye kituo cha mabasi, muhogo wa kuchoma mkononi, akilamba pilipili mpaka kwenye karatasi iliyofungiwa muhogo, machozi yakimtoka, akimwambia muuzaji, "Ongeza, ongeza, usinionee huruma." Haya msiyarudie kwa sauti.

Ulimi ule haukuwa umekufa. Mkono wake wa kulia ukatoka, ukavuka uzi mwekundu, ukaingia kwenye chumvi.

Waangalizi wakaruka.

*

Mtangazaji aliishia kwenye "Wasikili—". Kipaza sauti kikabaki wazi mezani, na hakuna aliyethubutu kukizima bila amri. Nchi nzima ilisikia. Mengine niliyapata kwa Mshamu mwenyewe.

Mwangalizi mmoja alikuwa amekikamata kifundo kwa mikono miwili, macho yamezama kwenye kitambaa. "Nimeukamata!" alisema kwa furaha. "Nimeukamata ukiwa ndani ya chumvi!"

"Niachie," ilisema sauti.

"Wote husema hivyo."

"Hakuna kilichopungua," ilisema sauti ileile, sasa imekuwa nyembamba. "Hakuna kilichopungua."

"Na hilo nalo husema wote."

Mheshimiwa Lukindo alikuwa amesimama. Akimwambia mwangalizi aachie, ameuachia huru mkono uliovunja sheria yake. Asipomwambia, basi. Akachagua njia ya tatu, ambayo viongozi huiona daima, maana daima kuna mtu ameketi huko.

"Ni mkono wa raia!" alipaza sauti. "Mkamateni raia!"

"Mheshimiwa," alisema mwangalizi bila kuinua macho, "mikono ya raia naiona hapa. Miwili. Imelala. Huu ni mwingine."

"Basi inua macho uangalie ni wa nani!"

"Siruhusiwi, Mheshimiwa. Ni amri yako."

Mshamu aliniambia kwamba hapo ndipo alipomtazama Baba Mlishi usoni kwa mara ya kwanza. Alitarajia hasira. Akaona kitu anachokijua, kwa sababu alikuwa anakiona kila asubuhi kwenye kioo cha kibandani: jasho juu ya mdomo, jicho linalotafuta mlango. Mtu mzima yule alikuwa anaogopa kama Bi Sikudhani alivyoogopa. "Nami ndipo nikaogopa kweli," aliniambia. "Kabla ya hapo nilikuwa nadhani kuna mtu mmoja asiyeogopa, anayejua mwisho wake ni wapi. Kumbe gari lote hili, jirani, hakuna dereva."

"Raia!" Lukindo alimgeukia. Sauti ilikuwa inampasuka. "Wewe umekaa mbele. Umeona. Sema: mkono huu ni wa nani?"

Nyuma ya ukuta nilimsikia Kidawa akisema, "Usijibu. Usijibu, usijibu," kana kwamba redio ina masikio. Huko kwetu, labda inayo.

Fikirini nanyi. Akisema ni wa Baba, amemshtaki Baba. Akisema ni wake, mikono yake imelala pale inamkana. Akisema sikuona, raia aliyekaa uso kwa uso na Baba na asimwone, huyo alikuwa anamtazama nani? Waangalizi wengine walikuwa wameshaanza kusogea, wamenyoosha mikono, wanangoja tu kuambiwa kifundo kipi.

Mshamu akasema, polepole, kama mtu anayepitisha wembe kooni mwa mteja anayepiga chafya:

"Ni mkono wa mpishi."

"Nini?"

"Mimi ni mgeni hapa, Mheshimiwa. Nimekula tonge la kwanza nikalisifu. Mpishi ananiletea bakuli. Kwetu ndivyo ilivyokuwa."

Mwangalizi alikuwa mtoto wa mtu, alikuwa na mama, alikuwa amewahi kuwa mgeni mahali. Vidole vyake vikalegea kimoja kimoja.

Sasa mkono ukabaki katikati ya meza, una chumvi, umeachiwa huru, na hauna pa kwenda ila kulileta bakuli. Ukalisukuma. Mshamu anasema ndimu zilidondoka njiani.

"Karibu," alisema Baba Mlishi.

Neno hilo kutoka kinywani mwake tulikuwa hatujalisikia tangu alipokuwa karani.

Mshamu alichukua chumvi kwa ncha ya kidole, akailamba. Baba Mlishi akatia kwenye wali wake, akatia na pilipili, akala kichwa chini. Hawakutazamana tena. Ndipo aliyepaswa kukizima kipaza sauti alipopata nguvu, na redio ikatupigia bendi ya jeshi mpaka jioni.

Mwangalizi yule alipandishwa cheo siku hiyohiyo na kupelekwa mahali ambako hakuna aliyewahi kutuonyesha kwenye ramani.

*

Kesho yake Mheshimiwa Lukindo alihutubia. Sheria haikubadilika, alisema, sheria imekomaa. Bakuli ni halali pale linapoletwa na Mpishi wa Taifa kwa mkono wake mwenyewe. "Mtulie majumbani mwenu. Atapita nyumba kwa nyumba. Tutaanza na wizara." Watu wakatulia. Wengine waliosha kabisa sahani wakaziweka mlangoni. Mimi silaumu mtu. Lakini nilihesabu milango ile kichwani, na naikumbuka.

Mshamu alirudi kwa gari la serikali, lililomshusha kona ya mbali. Hakuna aliyemgusa, lakini mkono wake wa kulia haukutulia tena kushika wembe. Alikaa uani akiushika kwa ule wa kushoto. Saa za alasiri, watu wakiwa barazani, Kidawa alipita mbele yake na jembe.

"Unakwenda wapi na jembe?"

"Nyuma ya choo."

"Kidawa! Watatuona!"

"Waone. Nikuulize, baba Tunu. Moshi wa jikoni humu unamwingia nani machoni?"

"Punguza sauti."

"Unamwingia nani?"

"Wewe."

"Mafuta yanamrukia nani?"

"Wewe, Kidawa, wewe, lakini punguza sauti."

"Basi bakuli la nyumba hii lina mwenyewe, na hana haja ya kusubiri gari la Ikulu."

Nilisikia jembe. Nilisikia chupa ikifunguliwa, na baada ya kitambo nikasikia harufu. Jamani. Embe changa, haradali, pilipili iliyokaa udongoni mpaka ikapata hekima. Ilipita ukutani, ikapita dirishani, ikashuka mtaa mzima, na barazani mazungumzo yakakatika, maana harufu haina pa kufichwa na kila mtu alijua inatoka kwa nani.

Tukasikia hatua. Mtu mmoja, anatembea kwa haraka, kisha polepole, kisha kwa haraka. Mlango wa Kidawa ukagongwa.

"Nani?" aliuliza Mshamu.

"Mjumbe."

Mimi upande wangu nilikuwa nimeshavaa viatu. Msiniulize vya kukimbilia au vya kwenda kusaidia.

Kidawa alifungua. Nilichungulia ufa. Kwembe alikuwa amesimama wima, kofia ya chama kichwani, jasho linamtiririka, mkono mmoja ameuficha mgongoni. Mshamu aliutazama mgongo ule, akasogea mbele ya mkewe.

"Harufu imefika kwangu," alisema Kwembe.

"Harufu gani?" aliuliza Kidawa.

"Usinichezee, shemeji. Mke wangu analia kule ndani."

Akautoa mkono mgongoni polepole. Ulikuwa na sahani, na kwenye sahani vipande vitatu vya muhogo wa kuchemsha.

Kidawa hakumpisha. "Umekuja kama mjumbe, Kwembe, au kama jirani?"

Kwembe akageuka, akaitazama barabara upande huu, akaitazama upande ule. Akaisogeza sahani mbele.

"Hata mimi sijui, shemeji. Wewe tia kwanza."